Pesa ya Kuchochea

Siku chifu alipotutangazia kwamba serikali inaleta kisiwani kwetu Rusinga pesa za kuchochea uchumi, bibi mmoja aliyeketi mbele, miguu kainyoosha kwenye nyasi, aliomba kuuliza swali.

"Chifu, mimi najua watu wanashikwa na polisi juu ya uchochezi. Sasa serikali ikichochea, nani atashika serikali?"

Baraza zima liliangua kicheko. Chifu hakucheka. Alieleza kwamba uchochezi ule ni wa mdomo na huu ni wa maendeleo, kisha akamkaribisha mwenyekiti wa komiti ya mradi, komiti ambayo hakuna kati yetu aliyekumbuka kuichagua.

Mwenyekiti alisema tunajengewa nyumba ya barafu. Mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, hawataoza tena, bei itapanda, vijana watapata kazi na wageni watakuja kutuiga. Mashine ilikuwa imeshanunuliwa. Kilichokosekana ni kiwanja tu, kiwe tambarare, karibu na maji, na gari liweze kufika. Watu wote wakageuka kumtazama mama yangu.

Mama anauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Uwanja alioachiwa na marehemu baba ndipo alipokuwa akiwaanika kila siku ya jua, akiwageuza, akiwafukuzia ndege, akiwazoa mbio mbio wingu likitokea upande wa Mbita. Karo yangu yote ilitoka kwenye uwanja ule. Tena omena anataka jua. Omena na barafu hawajawahi kuwa na urafiki wowote. Lakini mwenyekiti alimwahidi chumba cha kuuzia samaki humo ndani, akamwita "mama wa maendeleo" mbele ya watu, na mama, ambaye hajawahi kuitwa hivyo tangu azaliwe, akalegea. Alitoa kiwanja kwa mdomo na watu wakampigia makofi.

Mafundi walifika na lori, na walifanya kazi kwa bidii iliyotutia wasiwasi. Wakachimba, wakapanga mawe, wakamwaga zege. Sakafu ikawa pana, nyororo, imepigwa pasi, na vyuma vimesimama kwenye pembe zake nne vikingoja kuta. Wakasimamisha na bango kubwa lenye jina la mradi. Kisha wakaenda kula chakula cha mchana. Mpaka leo hawajashiba.

Mama alihamia kwenye kipande cha ardhi nyuma ya boma letu, penye mchanga na mbuzi wa jirani. Omena wakaanza kupata ladha ya mahali pale. Alikuwa na mnunuzi mmoja wa kutegemewa, mwanamke aliyekuwa akija kutoka Rongo kuchukua magunia. Huyo alitafuna omena wawili, akatema, akajifuta midomo kwa upole.

"Mama, mimi nanunua samaki. Mchanga tuko nao Rongo."

Alisema atakuja mara moja tena, aone. Mama hakula chakula usiku huo. Kama mwanamke yule angemwacha, biashara ilikuwa imekwisha, na mama hana nyingine.

Katika hali hiyo ndipo mimi nikapata kazi. Nilikuwa na digrii ya ualimu ambayo ilikuwa imekaa sandukuni mpaka ikaanza kunuka dawa ya nondo. Shirika moja lenye ofisi Homa Bay, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, lilikuwa linatafuta wenyeji wa kufuatilia pesa za kuchochea uchumi visiwani. Hawakuniuliza kama nina maslahi yoyote katika jambo hilo. Waliniuliza kama naweza kuendesha pikipiki. Nilipewa jaketi ya kung'aa iliyoandikwa MFUATILIAJI mgongoni, na siku ya kwanza nilipovuka kuingia Mbita, waendesha boda walinipisha wakidhani nimekuja kukagua leseni.

Nilianzia kwenye ofisi za serikali za Homa Bay. Huko nilijifunza kwamba pesa ya serikali ni kiumbe chenye miguu. Ofisi ya kwanza iliniambia pesa imeshuka. Ya pili ikasema ilishuka lakini ikakwama. Ya tatu, ambako afisa alikuwa anakula samaki aina ya ngege wa kukaanga juu ya mafaili, ikasema iliwahi kukwama, ikakwamuliwa, ikapanda tena kwenda kuangaliwa. Kila mtu alikuwa ameiona ikipita. Hakuna aliyejua ilikolala. Walinieleza haya yote kwa adabu, wakinipa kiti na kuniita madam, na kila nilipouliza inarudi lini, walitazama dirishani kuelekea ziwani kana kwamba ingekuja na mashua.

"Madam, hii mambo haitaki haraka," afisa wa ngege aliniambia. "Kontrakta ndiye anajua. Kontrakta ni mtu wa Migori."

Basi nikashika njia ya Rongo, nikashuka nayo mpaka Migori. Kontrakta nilimpata bila taabu kwa sababu kila mtu anamjua. Ana hoteli karibu na barabara kuu, yenye viti vya plastiki na televisheni inayopiga kelele peke yake. Kulikuwa na jua la kupasua kichwa. Kabla sijajieleza aliniletea soda, na soda hiyo ilikuwa baridi kuliko soda yoyote niliyowahi kunywa, imezamishwa kwenye ndoo ya barafu safi, vipande vyote sawa, vinang'aa. Niliinywa nusu kwa mkupuo mmoja. Halafu nikauliza barafu hiyo inatoka wapi.

"Hapo nyuma," alisema. "Njoo uone."

Mashine ilikuwa kubwa, nyeupe, inanguruma taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Ubavuni ilikuwa bado na karatasi iliyoandikwa jina la kisiwa chetu.

"Lakini hii ni yetu," nilisema.

"Ni yenu kabisa, dada. Mimi naitunza tu. Mashine ikikaa bure inaharibika."

"Kwa nini hujaileta Rusinga?"

"Nitaileta wapi na nyumba haijaisha?"

"Na nyumba haijaisha kwa nini?"

"Nitamaliza aje na hawajanilipa?"

"Hawakulipi kwa nini?"

"Wanasema mpaka waone mashine iko ndani ya nyumba." Akacheka bila ubaya wowote, akanipiga bega. "Unaona vile serikali inatutesa? Maliza soda, dada. Haina pesa, hiyo ni yenu."

Niliimaliza. Ningefanya nini? Ndiyo faida pekee ambayo mtu wa Rusinga alikuwa amepata kutoka kwa mashine ile, na nilikuwa na kiu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kuendesha jenereta. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kumweleza mama kwamba uwanja wake umeliwa na soda za Migori. Lakini nilipokata kona nikaona sakafu ya mradi inameta, rangi ya fedha, ukingo hadi ukingo. Mama alikuwa amechoka kungoja barafu. Alikuwa ameifagia sakafu, akaipiga maji, akamwaga omena wake wote juu yake. Kwenye vile vyuma vinne alikuwa amefunga nyavu kuukuu, na ndege walizunguka juu wakilalamika.

"Zege linashika joto," aliniambia, amejishika kiuno. "Jana wamekauka kabla ya saa nane. Onja."

Nilionja. Hakukuwa na chembe ya mchanga. Yule mwanamke wa Rongo alipokuja kuangalia kama alivyosema, alitafuna omena wawili, akatafuna wa tatu, akachukua magunia yote na kuuliza kama wiki ijayo watakuwepo zaidi. Akina mama wengine wa ufuoni wakaomba nafasi, na mama akawagawia bila kumtoza mtu chochote. Nilifurahi mno siku zile. Nilijiambia kwamba hata pesa inayopotea njiani huenda ikaangusha kitu kizuri ikikimbia.

Ripoti yangu niliiandika kwa moyo wote. Niliandika habari za ofisi tatu, za hoteli ya Migori, za mashine na karatasi iliyo ubavuni mwake. Mwishoni, kwa haki, nikaongeza sentensi moja kwamba akina mama wanaitumia sakafu kuanikia omena na inawafaa.

Mkubwa wangu wa Homa Bay ni mtu mpole anayevaa suti hata Jumapili. Aliisoma ripoti akitikisa kichwa.

"Hii ya Migori tutaitoa kwanza. Haijathibitishwa."

"Nimekunywa soda yake."

"Ndiyo, lakini kinywaji si ushahidi." Akaweka kidole kwenye sentensi ya mwisho. "Hii sasa ndiyo wafadhili wanataka. Hii ni moto."

Ile sentensi yangu moja ikapata ukurasa mzima. Wageni wakaja na kamera, wakampiga mama picha amekamata omena mkononi, wakamwomba atabasamu zaidi. Hema lilikodishwa, na viti, na maji ya chupa, na magari ya kuwaleta watu wa kufuatilia waliokuja kuwafuatilia wafuatiliaji. Nilijaribu kukadiria ni kuta ngapi zingejengwa kwa gharama ya hema lile, nikaacha kwa sababu nilianza kuumwa na kichwa. Baada ya wiki chache bango lilipakwa rangi upya. Nyumba ya barafu haikuwepo tena. Sasa palisomeka: KITUO CHA KISASA CHA KUKAUSHIA SAMAKI.

Asubuhi niliyolisoma bango hilo, nilimkuta mwenyekiti amesimama pembeni mwa sakafu, amevaa kofia ya mradi, mkono ameunyoosha. Akina mama walikuwa wamepanga mstari na makarai yao. Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Kuna nini?" niliuliza.

"Ni ada kidogo tu, madam. Kila karai. Ni ya matengenezo."

"Matengenezo ya nini? Ya jua?"

"Ya kituo. Si wewe mwenyewe uliandika kwamba kituo kinasaidia akina mama? Serikali imesoma. Sasa kituo kinafaa kijitegemee."

"Lakini mwenyekiti, uwanja ni wa huyu mama!"

"Ulikuwa," alisema kwa heshima kubwa. "Alitoa mbele ya baraza. Tulimpigia makofi."

Niliona aibu. Mama hakubishana. Omena walikuwa kwenye karai, wabichi, na jua lilikuwa limeshaanza kupanda. Alifungua fundo la leso yake kwa meno, akatoa noti iliyokunjwa mara nyingi, akampa. Mwenyekiti aliinyoosha, akaitia mfukoni, akaanza kuondoka kwenda kwenye karai la pili.

Mama alinitazama kuanzia viatu mpaka ile jaketi yangu ya kung'aa.

"Nyathina, mwanangu, kazi yako si ni kufuata pesa?" Akamwonyesha mwenyekiti kwa kidevu. "Ile inaenda. Ifuate."