Mrekodi Kanda na Waingereza Wake

Mrekodi kanda mwenye duka chini ya nyumba yetu, Mji Mkongwe, hupangusa mashine kwa pamba na spiriti kabla ya kila kazi. Kutwa hupiga bendi moja ya Waingereza, roki yenye mdundo wa rege, na kuvunjika kwake hukusimulia taratibu kama talaka ya jamaa. Kila siku nilimwambia apunguze sauti.

Juzi mteja alimletea kanda atoe nakala za kuuza. Kutoka dirishani nikamsikia binti yangu Ibtisam katika kanda hiyo akiimba, kwenye harusi, mbele ya wanawake wenzake tu, pasipo wanaume. Nikashuka. Nilimkuta mrekodi anairekodi bendi yake juu ya sauti ile.

“Unanifutia mali yangu, bwana,” mteja alilalamika.

“Shikamoo, Bi Tamima,” alisema mrekodi, macho kwenye mashine. “Humu mna Waingereza tu.”

“Marahaba. Hebu ongeza sauti.”