Mpira wa Baiskeli Unamliza Mama Yangu

(Msichana huyu ametuomba tufiche jina lake na la shule yake. Tumefanya hivyo. Maneno ni yake mwenyewe. Mhariri wa ukurasa huu.)

Wasomaji wapendwa, salamu kutoka Iringa. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, Mhehe wa Kilolo, nasoma shule ya bweni hapa mjini. Mama yangu alifariki mwaka jana wakati wa mvua nyingi. Ninawaandikia kwa sababu tangu azikwe namsikia akilia, na si mimi peke yangu ninayemsikia.

Kabla hajaugua, shule yetu iliwaalika wazazi. Mwalimu wetu wa kuimba ana mashine ya kunasia sauti. Utepe mwembamba hupita kutoka gurudumu moja hadi jingine, na lolote unalosema mbele yake hubaki humo. Mama alifika na kikapu cha viazi kichwani, akaombwa aseme neno. Aliicheka ile mashine mpaka akashika mbavu, kisha akaisalimu kwa Kihehe.

"Niongee na sanduku mimi? Haya, kamwene, sanduku! Huyu binti yangu mwacheni asome. Asirudi nyumbani kabla hajamaliza. Kuni nitakata mwenyewe, yeye hata shoka hajui kulishika!" Akacheka tena, na sisi sote tukacheka.

Baada ya mazishi nilimwomba Mwalimu nimsikie mama. Mashine haikuzunguka. Mpira mdogo wa duara unaoendesha magurudumu ulikuwa umekatika. Tulimpelekea habari baba mdogo, anayefanya kazi katika duka la redio huko Mbeya, atutafutie mwingine. Wakati tunangoja, tukaipeleka mashine kwa fundi wa mtaa wa Mlandege, mzee wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakiunganisha kwa gundi.

"Hiki ni cha kuazima tu, binti yangu," alisema. "Kitazunguka kwa uvivu, na kila siku kitalegea zaidi. Ukija mpira wake wenyewe, hiki kitupeni."

Mashine ikazunguka. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa nzito, inatetemeka, na maneno yalijivuta kama mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni. Na kile kicheko, wasomaji, kilikuwa kilio. Kilio kirefu cha mwanamke asiye na wa kumnyamazisha.

Siku hizo baba alikuwa amekwisha kukubaliana na mwanamume mmoja wa Mbalizi, mwenye kinu cha kusaga unga, kwamba anioe baada ya mavuno. Akaja shuleni kunichukua. Mwalimu, kwa huruma tu, alimkaribisha akae, akamfungulia sauti ya marehemu mkewe. Baba ni mzee wa kanisa la Kilutheri, hajapata kutambika hata mara moja. Aliposikia, alivua kofia. Sauti ilipofika mahali pa "mwacheni asome", aliiitikia kwa Kihehe, taratibu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Kisha kilio kikaanza, naye akainamisha kichwa.

"Mama yako hakuwa na sauti hii alipokuwa hai," aliniambia. "Hii ameipata huko aliko."

"Baba, ni ile mashine..."

"Nyamaza. Hata wakati wa kujifungua hakulia hivi. Nani amemliza, kama si mimi?"

Mwalimu alifungua kinywa amweleze habari ya mpira. Nikamtazama. Akakifunga.

Baba alirudi Kilolo peke yake, na habari ya ndoa ikasimama. Nikabaki shuleni, nikashukuru. Lakini tangu hapo sina raha. Nikienda kusikiliza, naona mpira unazidi kulegea na sauti inazidi kuzama, kana kwamba mama anatembea kwenda mbali. Nikifua nguo naisikia. Nikijaribu kukumbuka ile sauti aliyoniitia nikiwa mdogo, siipati tena, inakuja hii nzito. Rafiki yangu wa kitanda cha jirani hunitania: "We, mbona siku hizi unaongea taratibu kama bibi kizee?" Hacheki sana anaposema hivyo.

Juzi baba mdogo alifika kutoka Mbeya, mpira mpya ukiwa katika mfuko wa shati lake. "Umetoka Ulaya huu," alisema. "Umesafiri kuliko ukoo wetu wote!" Halafu akaacha utani. Alikuwa amepitia Kilolo kwanza. Yule bwana wa Mbalizi amerudi kumsihi baba, na baba amemjibu hivi: shule ikifungwa watakuja wote wawili, wamuulize mama. Akilia tena, jambo limekwisha. Asipolia, nitaondoka na bwana huyo.

Mwalimu ameniwekea mpira mkononi. "Mama ni wako," alisema. "Ukiniambia niufunge, nitaufunga. Ukisema niuache, nitauacha."

Wasomaji, nina hamu ya kumsikia mama akicheka, hamu ambayo siwezi kuieleza. Lakini akicheka, baba atajua kwamba hakuna aliyemlilia kutoka kaburini, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Nikiuacha ule wa baiskeli, nitasoma, na mama ataendelea kulia kwa kosa ambalo si lake. Wakati mwingine najipa moyo. Baba alimwoa mwanamke mcheshi, wala hakumwoa mlizi. Pengine akikisikia kile kicheko atalitii neno la mama hata bila machozi. Pengine. Lakini nikikosea, hakuna wa kunirudisha darasani.

Ninyi mliowazika mama zenu, na ninyi akina baba wenye mabinti, nipeni shauri kabla shule haijafungwa. Nimrudishie mama kicheko chake, au nimwache aendelee kunililia?