Kosa la Kuongeza Sauti

Kuna mambo yanayonichefua, na hili la jirani yangu Hesbon Mukhisa ndilo linaloongoza. Hesbon hukodisha spika hapa Kitale: harusi, harambee za kanisa, na hasa mazishi ya kwao Bungoma. Ni mpole mpaka anaudhi. Ukimtukana, atakuuliza kama umekula. Spika zake mbili alizipaka rangi ya samawati na kuziandika jina la bintiye, Nasambu, na hizo ndizo zilizokuwa zikimsomesha huyo Nasambu.

Mwaka jana alizipeleka Kabuchai, kwenye mazishi ya kijana aliyepigwa risasi katika maandamano. Mama wa marehemu akashika maikrofoni, akauliza ni nani aliyemuua mwanawe. Swali tu. Waliosimama nyuma, kule kwenye miwa, wakasema hawasikii. Hesbon akaongeza sauti, kama anavyofanya katika kila mazishi.

Wiki hiyo hiyo polisi wakamchukua nyumbani kwake, yeye na spika. Kortini tukaambiwa eti anasaidia ugaidi. Ushahidi wenyewe? Aliongeza sauti. Wakili wake alipouliza uhuru wa kusema ulio kwenye katiba umeenda wapi, mwendesha mashtaka akajibu kwamba huu ni usalama wa taifa. Siku hizi kila uchafu huvikwa koti hilo. Hesbon akapewa dhamana kwa sharti kwamba asiguse spika katika mkutano wowote mpaka kesi iishe, nazo zikabaki kwa polisi kama vielelezo. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Nasambu akafukuzwa shule kwa ajili ya karo. Baba yake sasa anafanya vibarua katika mashamba ya watu huko Kachibora.

Juzi tukaitwa kwenye baraza la usalama. Kufika uwanjani, nikaona samawati. Spika za Hesbon! Na afande yule yule aliyezibeba alikuwa akizitumia kutuhubiria tuheshimu sheria, jina la mtoto likiwa wazi mbele yetu sote. Nilitema mate chini.

Katikati ya mahubiri spika zikakoroma, zikanyamaza. Afande akaangaza macho mpaka akamwona mwenye spika, ameketi kati yetu.

"Wewe Mukhisa, si hii ni kazi yako? Kuja utengeneze."

Hesbon akasimama. Nilijua angeenda, maana hajawahi kumkatalia mtu. Akavua kofia.

"Afande, korti ilisema nisiguse. Na hizo ni exhibit ya kesi yangu. Hata nyinyi hamfai kugusa."

Akaketi. Hakuna aliyempigia makofi. Sisi sote ni waoga, na hilo nalo linanichefua. Afande akaendelea kwa koo lake tupu, akipiga kelele mpaka mishipa ikamsimama.

Nyuma mama mmoja akasema hasikii. Akafuata mwingine. Mwishowe uwanja mzima ukawa unasema hausikii, na hapakuwa na mtu wa kuongeza sauti.