Maneno Yaliyofutwa Pamoja na Takataka

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Herufi alisahihisha vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Jina hilo alipewa na wapiga chapa, maana herufi moja iliyokaa vibaya ilimkosesha raha siku nzima. Programu ya kompyuta ilipoligomea neno halali na kulipigia mstari mwekundu, alibofya "Ongeza kwenye kamusi", akaendelea na kazi. Majina ya miti, magonjwa, zana za seremala. Miaka mitatu ya mwisho, mengi alitajiwa kwenye simu na shangazi yake, mkunga mstaafu, ambaye sasa ni marehemu; akayahifadhi humo yangoje kitabu cha wakunga kilichokuwa kikiandaliwa.

Jumatatu moja alifungua mswada wa kitabu cha wakunga. Kurasa zilikuwa nyekundu tupu. Akashuka ngazi mbio hadi kwa fundi wa kompyuta.

"Umeifanya nini mashine yangu?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Nimekuuliza."

"Diski ilijaa pomoni, mama. Jumamosi nikafuta takataka tu. Mafaili ya muda."

"Na maneno yangu?"

Fundi akamfuata juu. Alitazama vizuri. Akaeleza kwamba kwa kawaida programu huweka mipangilio ya mtu kwenye folda yake iliyofichwa, na vitu vya muda kwenye folda nyingine, ambayo ukiifuta yote hupotezi kitu. Programu hii ilikuwa imevichanganya. Maelfu ya picha ndogo za kurasa yalirundikwa folda moja na kamusi yake.

"Folda yenyewe jina lake namba tupu, mama. Nikadhani ni mabaki."

"Ukadhani! Mdomo ulikuwa likizo? Ghorofa moja tu kupanda kuniuliza! Na hao walioitengeneza, nani mwenye akili anayeweka dawa na majivu kopo moja?"

Meneja akachungulia mlangoni. "Si maneno tu, dada? Utayaandika tena."

Mama Herufi alivua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Maneno tu. Kwani hapa tunauza nini, bosi? Misumari?"

Meneja akaondoka bila kuaga.

Alasiri fundi alikumbuka kompyuta ya zamani iliyolala stoo chini ya maboksi. Waliipangusa vumbi, ikawaka kwa shida. Folda ile yenye jina la namba ilikuwemo, na ndani yake kamusi: faili dogo la maandishi ya kawaida, neno moja kila mstari. Picha moja tu ya simu ingekula nafasi mara ishirini ya hiyo.

"Kitu kidogo hivi ndicho kilichokosa pa kukaa?" aliuliza Mama Herufi. Fundi akalinakili faili kwenye mashine yake.

Faili hilo liliishia miaka minne nyuma. Maneno yaliyofuata Mama Herufi aliyasaka kwenye vitabu walivyokwisha kuchapa, akiongeza neno baada ya neno, wiki sita nzima, huku meneja akimhimiza amalize kitabu cha wakunga. Lakini maneno ya shangazi yaliyokuwa yakisubiri kitabu hicho hayakuwa yameandikwa popote pengine.

Aliwaandikia watengenezaji wa programu barua ya kurasa mbili. Wakamjibu kwa mistari miwili: mipangilio yake ingekuwa salama kama folda isingefutwa. Akaichana karatasi ya jibu hilo vipande vipande mbele ya wapiga chapa, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Siku hizi fundi hunakili kamusi hiyo kila Ijumaa, na hagusi kitu kabla ya kuuliza. Amemwomba radhi mara tatu. Mama Herufi humjibu, humpisha kiti, lakini hajamsamehe na hasemi amemsamehe. Kuna neno alilotajiwa na shangazi, la ule ukimya mfupi kabla mtoto mchanga hajalia. Anajua lilianza na "ng'". Kitabu kilitoka bila hilo neno, na nakala yake hajaifungua.