Sahani Mbili za Bukari Kabla ya Kupimwa

Asubuhi ya kupimwa kwa ajili ya kazi ya mgodini nilikula sahani mbili za bukari, ugali wetu. Nilikuwa mwembamba, na mtaani kwetu, unaoitwa Kenya kama ile nchi, watu wanaamini mgodi hauchukui mifupa. Mama alinisimamia na mwiko mkononi mpaka nikamaliza.

Tulikwenda wawili, mimi na yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, mtoto wa mama mdogo, aliyelelewa kwetu. Tulisoma jiolojia darasa moja, na kila mwaka alinishinda. Kazi hii ya kukusanya sampuli za mawe, njia ya Kipushi, aliitamani tangu mwaka wa kwanza. Yaya ni mnene. Nyumbani wanamsifu kwa hilo.

Mpimaji, kijana mwenye koti jeupe lenye doa la chai, alitupandisha kwenye mizani ya magunia ya mahindi. Zamu ya yaya ilipofika, mpimaji alipiga mluzi.

"Mama, umekuja peke yako ao na gunia?"

"Gunia iko kwa mama yako," yaya akajibu. Foleni nzima ikacheka.

Kisha tukaketi chini, miguu mbele, magoti yamenyooka, tusukume vidole vya mikono hadi kwenye nyayo. Nilianza mimi. Bukari ilipanda kooni, chachu na ya moto, nikaimeza tena. Vidole vyangu viliishia chini kidogo ya magoti. Yaya akashika nyayo zake, akalaza kifua juu ya mapaja, akatulia kama mtu anayesinzia.

Mpimaji alikuwa ameshaandika. Nilichungulia karatasi. Kwangu: mwepesi, ananyooka. Kwake: mzito, hanyooki.

"Papa, angalia basi," yaya alisema. "Niko nimeshika miguu."

"Nimeona kilo, mama. Inatosha."

Mimi ninayebishana na padri juu ya miujiza, niliyewachosha walimu kwa kuuliza nani alipima na alipimaje, nilifunga mdomo. Nilijidanganya kwamba nikiufungua nitatapika.

Njiani kurudi, jina langu likiwa limeitwa na lake limeachwa, yaya alinigonga bega. "Mudogo yangu, wamechukua bukari ya mama, wewe wamekuacha."

Kazi niliikubali.

Sasa kila siku nikiinama kuokota sampuli magoti yanakunjika yenyewe. Jioni yaya ananiuliza tumekuta nini. Ninamweleza rangi na uzito wa jiwe, naye, akichambua mboga, ananiambia ni jiwe gani.