Bei ya Maumivu ya Hared Dalali

Hared amekuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa tangu ndevu zake hazijahitaji hina. Kazi yake ni kushika mikono ya watu. Dalali na mnunuzi hufunika viganja kwa shuka, na bei husemwa kwa vidole humo gizani: mkono mzima ni tano, mkono mzima mara mbili ni kumi. Midomo huku juu hudanganya kwa sauti na hakuna anayekasirika. Ukweli uko chini ya kitambaa. Serikali ingeweza kujifunza kitu hapo, ila ingeanza kwa kuiba shuka.

Asubuhi moja, katikati ya ubishi juu ya ngamia jike kutoka Balambala, Hared aliketi mavumbini. Jasho likamtiririka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mnunuzi akadhani ni mbinu mpya, akaongeza bei. Bishar, dalali mwenzake na mpinzani wake wa siku zote, ndiye aliyemwambia kuwa mbinu hii hata Hared hana, na wakampakia kwenye pikapu ya mbuzi hadi hospitali.

Huko alipokewa na daktari Noordin, kijana wa Griftu aliyerudi kaskazini na shahada na usingizi. Akauliza swali la kitabuni: maumivu haya, kati ya moja na kumi, ni ngapi?

Hared alimtazama vizuri. Mtu asiyemjua anataka namba, mchana kweupe, mbele za watu, bila shuka. Bila shaka anayetaja kumi atalipishwa ya kumi. Na tangu lini dalali akaanza na bei ya mwisho?

"Mbili," akasema, akiangalia dirishani kama mtu asiye na haja ya kuuza.

Daktari akambembeleza, labda ni tatu au nne? Hared akaona anapandishiwa.

"Moja na nusu, adeer, mwanangu, kwa sababu ni wewe."

Mashine ya moyo nayo haikuchora chochote cha wazi, na vifaa vya kipimo cha damu vilikuwa vichache, vimewekewa wenye hali mbaya. Basi kompyuta ikaandikiwa msimbo wa ugonjwa, R07.4, yaani kifua kinauma, sababu haijulikani, Mungu anajua.

Karani wa bima, Fosia, akamfafanulia Safiyo, mkewe Hared. Ambulensi ya kwenda Nairobi kwa mabingwa wa kuzibua mishipa hutolewa kwa I21, ambayo ni mshtuko wa moyo. Kwa R07 hutolewa pole. Safiyo akamwomba aandike hiyo I, herufi moja tu, walaal, dada yangu, wino hauumi. Fosia akasema hawezi kumpa mtu ugonjwa ambao daktari hajamwona nao.

Safiyo akarudi wodini amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Hared, midomo imeingia rangi ya majivu, alichanganyikiwa zaidi. Alitaka kujua amefanya kosa gani hata akatupwa kwenye R, na hao watu wa I ni wa ukoo gani, maana ni dhahiri magari yote yanakwenda kwao.

Alasiri Bishar akaja kumjulia hali. Safiyo akamsimulia yote, hata ile moja na nusu. Bishar hakucheka. Alivuta shuka la kitanda, akafunika mkono wake na wa Hared.

"Sema na mimi. Hapa hakuna daktari."

"Mbili," ulisema mdomo wa Hared.

Chini ya shuka alishika mkono mzima, akauachia, akaushika tena, na safari hii hakuuachia. Uso wa Bishar, ambao haujawahi kubadilika hata akipunjwa, ukabadilika. Akamwita Noordin.

"Ni kumi, daktari. Huo mdomo ni wa sokoni, usiusikilize."

Noordin akauliza amejuaje. Bishar akamwambia aingize mkono wake mwenyewe. Kijana akaingiza, akautoa akisugua vidole, akaenda kuchukua kipimo cha damu bila kumtuma mtu.

Kipimo kikasema msuli wa moyo ulikuwa ukifa tangu asubuhi. R ikafutwa, ikaandikwa I21.4, na bima, iliyoshinda kiziwi kutwa nzima, ikajibu kabla chai ya Fosia haijapoa.

Wakimsukuma kuelekea ambulensi, Hared bado hakuelewa. Moyo ni uleule na kitanda ni kilekile. Adhuhuri haukuwa na thamani, sasa unapewa gari, na hakuna aliyeulisha chochote. Akamshika Noordin koti. Kama ishirini na moja imepita haraka hivi, mbona wasiombe ishirini na mbili?

Noordin akasema ipo. Ni ya mtu aliyepigwa mara ya pili kabla ya lile pigo la kwanza kupona.

Hared akafikiri kidogo. Akasema hiyo ya ishirini na moja inatosha, ameuza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo soko halijawahi kuisikia, kama bei hiyo ina kurudi nyumbani pia.

Daktari akainama kukaza mkanda wa kitanda.

"Ina kurudi," Safiyo akasema, akapanda garini.