Nondo Weupe wa Bonde la Yombo

Siku yangu ya kwanza katika idara ya kilimo, nikiwa nimetoka shule, mkuu wetu Mwingereza, tuliyemwita Bwana Wadudu, alinipa chupa ya kuulia wadudu na kopo la pini. "Nondo weupe wadogo watu hawawatazami," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Wewe utawatazama."

Niliwatazama kwanza Msimbazi, kisha nikahamishiwa upande wa Temeke, bonde la Yombo likawa langu. Mchana nondo hao hutulia juu ya jani la mpunga, mbawa zimekunjwa kama paa la kibanda. Mpita njia huwadhania vipande vya karatasi. Wengi hawana madhara. Mmoja ndiye adui: kiwavi wake hutoboa bua, akala ndani kwa ndani, suke likatoka jeupe na tupu. Jike wake tulimtambua kwa kishungi cha manyoya ya rangi ya udongo kwenye ncha ya tumbo. Ndivyo walivyokuwa wale waliochomwa pini katika kabati la ofisi.

Bondeni alilima Bi Mwanaidi, mjane. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, na shemejiye alikwisha tangaza kwamba mavuno yakiharibika atalitwaa.

"Mwanangu, hawa weupe wamezidi," aliniambia. "Niyachume majani niyachome?"

Nikakamata kadhaa, nikawageuza. Hakuna aliyekuwa na kishungi.

"Waache, mama. Hawa ni wageni tu."

"Wageni gani hawapigi hodi," alisema, akaendelea kupalilia.

Masuke yalitoka meupe. Nikampelekea Bwana Wadudu wale nondo niliowakamata. Aliwatazama kwa kioo cha kukuzia.

"Jike akitaga hujinyonyoa manyoya, akayafunika mayai. Hawa walikuwa wamekwisha taga. Hukuyatazama majani?"

Sikuyatazama.

Nilimwendea shemeji, nikamweleza kwamba kosa ni langu, si uvivu wa mjane.

"Bwana, serikali inakulipa umtazame mdudu, naye kakupita machoni," alisema. "Sasa mie nikuamini kwa lipi?"

Nilimkuta Bi Mwanaidi akifunga masufuria ahamie Tandale kwa binti yake. Nikamweleza habari ya manyoya.

"Hata sie tukizaa nywele hukatika," alisema, akaendelea kufunga masufuria.

Msimu uliofuata shemeji alipanda mpunga pale pale. Nondo wasio na kishungi niliwaona mapema. Nikamwita, tukachuma kila jani lenye mayai, tukayachoma. Akavuna kuliko wote bondeni.

Ninyi mlio kazini leo, mkimwona mdudu hafanani na yule wa kabatini, msimwache aende, geuzeni majani.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mkuu mpya wa idara alisimulia jinsi nilivyouokoa mpunga wa yule bwana wa Yombo. Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikashukuru.